Cyprien na Daphrose Rugamba: Nyumba Iliyokataa Chuki

Nyamirambo ni kiunga cha Kigali ambamo Kiswahili si mgeni. Mnamo mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipouweka msingi wa mji huu, walifuatana na utawala wake askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani. Wajerumani waliondoka, lakini lugha ya watu hao ilibaki katika mitaa hii, hata Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, wazee wa Nyamirambo hawakuwa na jambo jipya la kujifunza. Hapa upo Msikiti wa Al-Fatah, uliojengwa mwaka 1913. Hapa pia lipo kanisa la parokia ya Mtakatifu Charles Lwanga, lenye jina la kiongozi wa vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye alichomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni, 1886, kwa sababu alikataa kutii amri iliyopingana na dhamiri yake.

Ukitoka Nyamirambo ukashika njia ya kuelekea Kimisagara, utafika kwenye kituo kinachowapokea watoto wa mitaani, wale ambao kwa Kinyarwanda huitwa mayibobo. Kituo hicho hujulikana kwa jina la CECYDAR. Jina hilo limefupishwa kutokana na majina ya watu wawili, mume na mke, yaani Cyprien na Daphrose Rugamba. Vijana wengi wa leo hulitamka jina hilo pasipo kujua kwamba wenye jina walikuwa nani, walifanya kazi gani, na walifikwa na mauti kwa namna gani.

Makala hii inakusudia kuwaeleza ndugu zetu wa majeshi na wa polisi habari za maisha ya watu hao wawili. Huenda mtu akauliza, mtunzi wa nyimbo na mwalimu wa shule wana uhusiano gani na mtu aliyevaa magwanda? Uhusiano upo, nao ni mzito. Maisha yao yanaonyesha jinsi amani ya taifa inavyoanza kujengwa ndani ya nyumba moja. Na kifo chao kinaonyesha mambo yanayotokea pale ambapo mtu aliyekabidhiwa silaha ili ailinde nyumba hiyo anapoigeuza silaha ile dhidi ya wenye nyumba.

KIJANA WA GIKONGORO

Cyprien Rugamba alizaliwa mwaka 1935 kusini mwa Rwanda, katika nchi ya milima ya Gikongoro. Wakati ule Rwanda ilikuwa chini ya Ubelgiji. Miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, Wabelgiji walikuwa wamemwondoa Mwami Musinga katika kiti chake na kumweka mwanawe, Rudahigwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 mkoloni alianzisha vitambulisho vilivyomwandika kila Mnyarwanda katika kundi lake, kana kwamba utu wa mtu ni kitu cha kupigwa muhuri ofisini. Mtoto huyu alikua katika nchi yenye lugha moja, mila moja na ngoma zile zile, lakini ambayo karatasi zake zilikuwa zimekwisha kuanza kuwagawa watu.

Kama vijana wengi wenye akili wa zama zile, Cyprien alipelekwa kusomea upadri. Alifika hadi seminari kuu ya Nyakibanda, mahali walipofundishwa mapadri wa nchi hii. Huko alikutana na vitabu vya wanafalsafa, na kadiri alivyosoma ndivyo imani yake ilivyopungua. Hatimaye aliondoka seminari, akaiacha dini, akaendelea na masomo ya historia, kwanza Burundi na kisha Ubelgiji. Alirudi nyumbani akiwa msomi wa kutajika, mwenye kuipenda sana historia ya watu wake, lakini asiyekuwa na haja na kanisa.

Kabla ya hapo yalikuwa yamempata mambo mazito. Mwishoni mwa mwaka 1963, wakimbizi wenye silaha waliivamia Rwanda kutoka Burundi na kuingia Bugesera. Uvamizi ule ulizimwa upesi. Lakini watawala wa wakati huo hawakuridhika na kuwashinda wenye silaha. Waliwageukia raia ambao hawakuwa na hatia yoyote. Huko Gikongoro watu waliuawa kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, na miili mingi ikatupwa mitoni. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo msichana ambaye Cyprien alikuwa amekusudia kumwoa.

Ni vyema askari ailinganishe hali hiyo na mafunzo yake. Adui aliyevuka mpaka alikwisha kurudishwa. Kilichofuata hakikuwa vita. Kilikuwa ni kulipiza kisasi juu ya watu wasiokuwa na hata rungu mkononi, na kwa kuwa walioyafanya hayo hawakuadhibiwa, mbegu ile ilibaki ardhini ikingojea mvua yake.

NDOA ILIYOANZA KWA MACHOZI

Mnamo mwezi wa Januari, 1965, Cyprien alifunga ndoa na Daphrose Mukansanga, binamu wa yule marehemu mchumba wake. Daphrose alizaliwa mwaka 1944. Alikuwa mwalimu wa shule, binti wa nyumba ya Kikristo, mpole wa maneno lakini mwenye msimamo. Aliingia katika ndoa hiyo akiwa na imani yake yote. Mumewe aliingia huku moyo wake ukiwa bado matangani.

Si ajabu basi kwamba nyumba ile haikutulia. Hawakuwa wamekaa muda mrefu maneno yakaanza kupita. Daphrose alisingiziwa mambo asiyoyatenda, na mumewe, msomi wa historia aliyezoea kupima ushahidi wa karne zilizopita, hakuupima ushahidi wa jambo lililomhusu mkewe mwenyewe. Aliyaamini maneno ya watu, akamrudisha mke kwao. Kwa mwanamke wa Rwanda wa wakati ule hiyo ilikuwa aibu kubwa. Baadaye ukweli ulijulikana, Cyprien akamrejesha mkewe nyumbani. Lakini jeraha la namna hiyo haliponi kwa siku moja.

Askari wanaoishi mbali na nyumba zao kwa miezi kadha wa kadha wanaifahamu vyema hatari hii. Maneno ya mitaani husafiri upesi kuliko barua. Aliye kambini huambiwa hili na lile juu ya mkewe, na mke aliyebaki nyumbani huambiwa hili na lile juu ya mumewe. Nyumba nyingi zimevunjika kwa uvumi ambao hakuna aliyejisumbua kuuchunguza. Mtu anayekataa kukamata mshukiwa pasipo ushahidi, afadhali aanze kwa kuitumia kanuni hiyo mlangoni kwake.

Daphrose hakulipiza. Alirudi, akazaa na kulea watoto, akaendelea kusali. Tangu mwaka wa ndoa yao hadi mwaka mumewe alipogeuka ilipita miaka 17. Katika muda huo wote aliishi na mume ambaye hakushiriki imani yake, naye hakumlazimisha wala hakumkimbia. Wahenga walisema subira yavuta heri, lakini mara nyingi sisi tunaisifu heri na kuisahau subira. Miaka 17 ni zaidi ya muda ambao askari wengi hukaa katika utumishi.

MTAALAMU WA BUTARE

Huku nyumbani mambo yakiwa hivyo, nje jina la Rugamba lilizidi kung'aa. Aliishi Butare, mji wa chuo kikuu, akawa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa sayansi. Kazi yake ilimkutanisha na mashairi ya kale ya Kinyarwanda, tenzi za kifalme, masimulizi ya mashujaa na ngoma za asili. Hakuridhika na kuyaandika mambo hayo katika vitabu vya kukaa makabatini. Yeye mwenyewe alitunga mashairi na nyimbo, akapanga michezo ya ngoma, na akaunda kundi lililojulikana sana kwa jina la Amasimbi n'Amakombe.

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuiona ngoma ya intore, ile ambayo wachezaji wake huvaa manyoya ya nyasi kichwani, hushika mikuki, na kupiga ardhi kwa miguu yenye njuga. Asili ya ngoma hiyo ni mafunzo ya kijeshi. Katika ikulu za Rwanda ya kale, vijana waliochaguliwa walikusanywa ili wafundishwe kutumia silaha, kujiheshimu, kusema kwa ufasaha na kucheza kwa mpangilio. Shujaa hakuhesabiwa kuwa shujaa kwa sababu ya mkono mzito peke yake. Ilimpasa awe na ulimi uliofundishwa na mwili unaotii. Rugamba aliyaelewa hayo kama mwanahistoria, na akayaonyesha jukwaani kama msanii. Watu waliotazama kazi yake hawakutazama kundi moja au jingine. Walimtazama Mnyarwanda.

Hata hivyo sifa ni ulevi wa aina yake. Mkurugenzi, msomi, mshairi, mtunzi: cheo juu ya cheo. Huko nyumbani, mkewe aliendelea na kazi isiyopigiwa makofi.

MWAKA 1982

Mnamo mwaka 1982 Cyprien Rugamba alishikwa na ugonjwa mzito. Mtu aliyeishi kwa kipaji cha akili na maneno alijikuta hana uwezo juu ya kile alichokuwa akijivunia. Katika kuugua huko alirudi kwenye imani aliyoiacha seminari. Alipopata nafuu, hakuwa tena mtu yule.

Watu wengi huahidi mambo makubwa wanapougua na kuyasahau wanapopona. Rugamba hakusahau. Jambo la kwanza alilolishughulikia lilikuwa ndoa yake. Alimwomba mkewe msamaha kwa yaliyopita, naye Daphrose akampa. Kuanzia hapo watu waliowajua waliona nyumba mpya. Wale wawili waliokuwa wakiishi chini ya paa moja kama majirani walikuwa sasa wakisali pamoja, wakishauriana pamoja, na kupokea wageni pamoja.

Kipaji chake nacho kilipata kazi nyingine. Alianza kutunga nyimbo za dini kwa Kinyarwanda, zenye mahadhi ya asili na maneno yaliyochaguliwa kwa uangalifu wa mshairi. Nyimbo hizo zilienea parokiani nchini kote, na hadi leo zinaimbwa na watu ambao pengine hawamjui mtunzi wake.

Tunapenda kusisitiza jambo moja hapa. Kama Rugamba angeishia kwenye nyimbo, tungekuwa na mtunzi mzuri wa nyimbo na basi. Lakini yeye na mkewe walitambua kwamba imani isiyowafikia wenye shida ni gwaride lisilokuwa na jeshi. Walianza kutumia nyumba yao, mali yao na heshima yao kwa ajili ya wengine. Wanandoa waliogombana waliwaendea, kwa kuwa walijua kwamba hapa wapo watu ambao wameyapitia hayo na wakayamaliza. Yule aliyewahi kumrudisha mke kwao akawa mpatanishi wa nyumba za watu. Na mke aliyewahi kurudishwa akawa mshauri wao pamoja naye.

KAZI YA KIGALI

Mwaka 1989 Cyprien na Daphrose walisafiri hadi Ufaransa, na katika mji wa Paray-le-Monial wakakutana na Jumuiya ya Emmanuel, chama cha Wakatoliki kilichoanzishwa huko katika miaka ya 1970. Chama hicho huwaunganisha watu wa ndoa, vijana, mapadri na watawa katika sala na huduma. Waliporudi walikianzisha nchini Rwanda mwaka 1990. Walikuwa sasa wakiishi Kigali, na nyumba yao ikawa mahali pa kukutania.

Mwaka wenyewe haukuwa wa utulivu. Mwezi wa Septemba, 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili aliitembelea Rwanda. Mwezi uliofuata, tarehe 1 Oktoba, vita vilianza upande wa kaskazini-mashariki. Raia wengi walilazimika kuyahama makazi yao, umaskini ukaongezeka, na mitaa ya Kigali ikajaa watoto wasiokuwa na pa kwenda. Walilala vibarazani, wakaokota mabaki ya chakula sokoni, na wapita njia wakawaona kuwa ni wezi watarajiwa.

Bibi Daphrose aliwaona watoto hao kama mwalimu na kama mama. Hakungoja kikao wala fungu la fedha kutoka ng'ambo. Alianza na jambo ambalo kila mama analiweza, yaani kupika. Watoto walipata chakula, kisha wakapata mtu wa kuwauliza majina yao, kisha wakapata mahali pa kukaa. Kazi hiyo ilipangwa rasmi mwaka 1992, na ndiyo iliyozaa kituo tulichokitaja mwanzoni.

Hapa ndugu zetu wa polisi wana la kujifunza. Mtoto wa mtaani hukutana na askari wa doria kabla hajakutana na mwalimu, padri au shekhe. Namna askari huyo anavyomwita, anavyomshika mkono, anavyomwuliza kwao ni wapi, huamua kama mtoto ataiona serikali kuwa ni mlinzi au ni adui. Daphrose hakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu, wala pingu, wala gari. Alikuwa na sufuria na subira, na kwa vitu hivyo viwili aliwatoa watoto mitaani. Kazi ya kituo chake hata baada yake imeendelea kwa utaratibu huo: kumpokea mtoto, kumsafisha, kumlisha, kumrudisha shuleni, na kutafuta jamaa zake ili arudi nyumbani, maana nyumba ndiyo dawa ya mtaa.

NYAKATI ZA CHUKI

Huku kazi hiyo ikiendelea, nchi ilikuwa ikitiwa sumu. Gazeti la Kangura lilianza kuchapishwa mwaka 1990, na redio ya RTLM ikaanza kutangaza mwezi wa Julai, 1993. Vyombo hivyo viliwafundisha Wanyarwanda kumwona jirani kuwa ni nyoka. Vijana walikusanywa na kupewa silaha na mafunzo nje ya utaratibu wa jeshi. Ile karatasi ya mkoloni, kitambulisho chenye jina la kundi, iliandaliwa kuwa hati ya kifo.

Msomi mwenye jina kama la Rugamba angeweza kupata nafasi kubwa katika siasa za namna hiyo. Angeweza kuutumia ujuzi wake wa historia kuwapa wachochezi hoja walizozihitaji. Hakufanya hivyo. Yeye na mkewe waliwakusanya chini ya paa moja watu ambao redio ile iliwataka wachukiane. Waliimba pamoja, wakasali pamoja, wakala pamoja. Ndiyo maana katika makala hii hatukuandika ni nani kati yao aliyehesabiwa katika kundi gani. Wao wenyewe waliupima utu kwa kipimo kingine, na sisi hatuna sababu ya kukifufua kipimo walichokikataa.

Wapo watu wanaodhani kwamba nyumba ya sala haiwezi kumtisha mtu mwenye silaha. Si kweli. Chuki inahitaji kila mtu akubali kwamba kuishi pamoja hakuwezekani. Nyumba moja inayoonyesha kwamba kunawezekana, tena mchana kweupe, tena mjini, hiyo tayari ni kizuizi barabarani.

ASUBUHI YA TAREHE 7 APRILI

Jioni ya tarehe 6 Aprili, 1994, ndege iliyomchukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa karibu na uwanja wa ndege wa Kanombe. Usiku huo huo vizuizi viliwekwa katika barabara za Kigali. Kabla ya mapambazuko kutimia, makundi ya askari, Kikosi cha Ulinzi wa Rais kikiwa mstari wa mbele, yalikuwa yamekwisha kuanza kupita nyumba kwa nyumba yakiwa na orodha za watu wa kuuawa. Asubuhi hiyo aliuawa Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Waliuawa askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Waliuawa majaji, mawaziri, mapadri na raia wa kawaida.

Familia ya Rugamba iliupitisha usiku ule katika sala. Askari walipofika asubuhi hawakukuta bunduki, wala handaki, wala mtu wa kupigana naye. Walimkuta mzee wa miaka karibu 60, mkewe, na watoto wao. Waliwaua Cyprien na Daphrose pamoja na watoto wao sita. Ndoa iliyoanza katika vilio vya Gikongoro iliishia katika vilio vya Kigali, ikiwa imedumu miaka 29.

Tangu siku hiyo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliendelea kwa muda wa siku 100, na zaidi ya watu milioni moja wakapoteza maisha, wakiwemo pia wale waliouawa kwa sababu walikataa kushiriki au kunyamaza.

MAGWANDA NI YALE YALE

Hatuwezi kuipita habari hii haraka haraka kwa kuwa inatuumiza. Waliobisha mlango wa nyumba ile walikuwa wamekula kiapo. Walikuwa na vyeo, namba na makamanda. Walilipwa kwa kodi ya wananchi, na miongoni mwa wananchi hao alikuwemo mzee Rugamba. Wengine huenda walijiambia kwamba wanatekeleza amri. Lakini sheria za vita na sheria za nchi hazimkubalii mtu udhuru huo. Amri ya kuua watoto nyumbani kwao si amri. Ni uhalifu uliovishwa sare, na mwenye kuitekeleza anakuwa mhalifu pamoja na aliyeitoa.

Historia imekwisha kulithibitisha hilo. Kanali Théoneste Bagosora alihukumiwa na mahakama ya kimataifa mjini Arusha mwaka 2008, na alifariki mwaka 2021 akiwa mfungwa nchini Mali. Protais Mpiranya, aliyekiongoza Kikosi cha Ulinzi wa Rais, alitafutwa kwa miaka mingi. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba alikwisha kufa mjini Harare tangu mwaka 2006, akiwa mkimbizi wa sheria. Cheo hakikumpa yeyote kati yao kaburi la heshima.

Na tusidanganyike kwamba siku zile haikuwezekana mtu wa sare kutenda mema. Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegali, Mwislamu, alikuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa hapa Kigali. Aliwaokoa watoto wa Waziri Mkuu Agathe, kisha akaendelea kupita vizuizini siku baada ya siku akiwavusha watu, hadi alipouawa na kipande cha kombora tarehe 31 Mei, 1994. Leo Umoja wa Mataifa una nishani ya ushujaa yenye jina lake. Na hapa hapa Nyamirambo, katika kituo cha yatima cha Gisimba, raia mmoja asiyekuwa na silaha, Damas Gisimba, aliyefariki mwaka 2023, aliwahifadhi watu wapatao 400. Kapteni alikuwa na sare, Gisimba hakuwa nayo. Wote wawili walifanya kazi ambayo sare ilishonwa kwa ajili yake.

BAADA YAO

Waliomwua Rugamba walitaka kuifuta nyumba yake. Hawakufaulu. Baadhi ya watoto wake walinusurika, na mmoja wao, Dorcy Rugamba, amekuwa mwandishi na mtu wa maigizo anayeheshimiwa duniani. Ameandika na kuigiza juu ya yaliyolipata taifa lake na nyumba yao. Jumuiya ya Emmanuel iliendelea kukua nchini. Kituo cha watoto kilifunguliwa tena, na wenzao wa jumuiya hiyo wakakiendesha kwa jina la waanzilishi wake. Mwaka 2015 Jimbo Kuu la Kigali lilianzisha uchunguzi wa kikanisa juu ya maisha yao, wote wawili pamoja, ili hatimaye waweze kutangazwa wenye heri. Na mwaka 2021 hatua ya uchunguzi huo hapa jimboni ilikamilishwa.

Tena kitambulisho cha Mnyarwanda wa leo hakina mstari wa kundi. Askari anayekikagua barabarani usiku husoma jina la mtu, na jina hilo linatosha.

Tuyafupishe tuliyoyaeleza. Cyprien Rugamba hakuzaliwa mtu mwema. Alikosea, akamdhulumu mkewe, akajivuna, kisha akageuka. Daphrose hakuwa na cheo; alivumilia, akasamehe, na akawapikia wenye njaa. Wawili hao walipopatana, upatanisho wao haukubaki chumbani. Ulitoka nje, ukawafikia majirani, ukawafikia watoto wa mitaani, ukasimama mbele ya chuki ya nchi nzima. Wangekuwa wamekimbia kama wangejifikiria wao tu. Walibaki kwa sababu wapo waliowategemea.

Askari au polisi hahitaji kuwa wa dini yao ndipo apate faida katika habari hii. Kila mmoja wetu ana nyumba, na kila mmoja wetu amekabidhiwa nyumba za wengine azilinde. Atakayesuluhisha ugomvi wa kwake kwa haki atajua kusuluhisha wa raia. Atakayemheshimu mkewe atamheshimu mke wa mtu kituoni. Na siku atakapoamriwa kuuvunja mlango ambao nyuma yake kuna watu wanaosali na watoto waliolala, ataujua mpaka wa utii, kwa kuwa ameuchora mapema moyoni mwake. Jirani na Nyamirambo wapo watoto wanaokula, wanaosoma na wanaorudishwa kwa jamaa zao kila mwaka kwa sababu mume na mke mmoja waliufungua mlango wao. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha kwamba milango ya namna hiyo haivunjwi tena.